Likizo Ambayo Mama Alikuwa Mwanagenzi

Harufu ya dizeli na sabuni ya mche ndiyo iliyokuwa harufu ya mama yangu. Alifundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja pale Ushirombo, na mimi, binti wa miaka kumi, niliamini hakuna gari linaloweza kumshinda. Sikujua kwamba karakana yao ilikuwa na injini moja tu, kuukuu, isiyowaka, na kwamba mengine yote aliyafundisha kwa kuchora ubaoni. Siku chache kabla ya likizo, mfugaji mmoja alileta gari lake jipya lililogoma kuwaka. Mama akafungua boneti mbele ya wanafunzi, akatazama nyaya zilizojaa mle ndani, akazigusa moja moja. Kisha akasema, "Hili silijui." Mwanafunzi mmoja akacheka. Mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni, nilirudi nyuma ya ukuta asinione.

Mshtuko mkubwa zaidi niliupata katika mji mdogo wa Maganzo. Likizo ilipoanza, mama alinichukua hadi kwenye gereji ya Masanja, kijana ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemfundisha, na ambaye sasa alitengeneza magari mapya kila siku.

"Shikamoo, Mwalimu," Masanja alisema, akifuta mikono haraka.

"Marahaba. Ila hapa mwalimu ni wewe. Nimekuja kujifunza."

Masanja alidhani anataniwa. Mama akavaa ovaroli, akatandika boksi chini ya gari, akalala chali, huku wapita njia wakisimama kumshangaa. Wiki tatu nzima nilimsikia kijana yule akimkemea, "Hapana, Mwalimu! Chomoa betri kwanza!" naye mama akijibu, "Sawa, fundi." Niliona aibu hadi nikawa najificha kwa mama lishe wa jirani. Mwishowe nilimuuliza kwa nini anajidhalilisha namna ile.

"Wanafunzi wangu wataenda kushika breki za watu," alisema bila kukasirika. "Nikiwafundisha nisichokijua, atakufa mtu."

Chuo kilipofunguliwa aliliwasha gari la yule mfugaji, lililokuwa bado limeegeshwa pale karakana, mbele ya darasa lilelile. Safari hii hakuna aliyecheka.

Leo nami nafundisha ufundi huohuo, Geita. Vyeti vyangu ni vingi kuliko vya mama, na karakana yetu ina mashine mpya ya kupima magari, ambayo bado imo kwenye kasha lake kwa sababu hakuna mwalimu anayejua kuitumia. Juzi niliichora ubaoni. Wanafunzi wakanakili kimya, kipindi kikaisha. Nilikuwa nimeshafika nje nilipogundua kwamba hakuna aliyeniuliza swali hata moja, na kwamba nilikuwa nimefurahi.