Ufunguo wa Ghala la Sumu

Admin, jina langu lifiche, maana huku tunajuana wote. Mimi ni mzee wa miaka sitini na kidogo, naishi kijiji kimoja upande wa Dutwa, mkoa wa Simiyu. Kila siku nasoma hapa mnavyowashauri vijana walioachwa. Na mimi nimetengana na mke wangu, ila aliyetutenganisha si mwanamume mwingine. Ni ghala.

Nilikuwa mtunza ghala wa ushirika, tukiwakopesha wakulima dawa za pamba. Likaja soko huria. Makampuni ya watu binafsi yakaingia na mizani yao na dawa zao, ushirika ukafa, wakubwa wakaondoka na meza na viti. Mimi nikaachiwa nyumba ya mtumishi na ghala lililo jirani yake, limejaa mapipa ya dawa iliyokwisha muda. Wanakijiji walitaka tuchimbe shimo tufukie, yaishe.

Ndipo akaja kijana mmoja kutoka chama cha wataalamu wa kemikali na mazingira. Akanieleza kwamba tukifukia, sumu itashuka hadi kwenye lambo wanakokunywa ng'ombe. Tukichoma, tutaivuta wenyewe. Na pipa likiibwa, mtu atawekea maji ya kunywa. Akaniomba nishike ufunguo mpaka chama chao kirudi kuyachukua. Nilimwamini, na hadi leo naamini alisema kweli. Nikasimama mlangoni nikawazuia jirani zangu, wakanichukia.

Kurudi wanarudi, kuyachukua ndiyo hawajayachukua. Kila baada ya miaka kadhaa wanakuja wengine, wanapiga picha, wananipa glavu na fulana. Mara moja walinialika semina Bariadi, wakanisimamisha ukumbini nikapigiwa makofi, nikala na kuku. Nilipouliza gari linakuja lini, mwenyekiti wao, mama mmoja mstaarabu sana, alinivuta pembeni.

"Baba, sisi ni chama tu," akasema. "Tunafundisha na kushauri. Kuyabeba na kuyateketeza kunataka fedha, na kila tunakobisha hodi tunaambiwa tusubiri."

Machozi yalikuwa yanamlenga, sikuweza hata kumlaumu. Wanasema subira yavuta heri. Yangu imevuta kutu.

Mabati yametoboka, mapipa yanavuja, na joto likizidi harufu inaingia mpaka chumbani. Mke wangu ndiye aliyekuwa akishinda nyumbani. Macho yakaanza kumuwasha, yakawa mekundu, hayakupona tena. Ninyi wa mbali huenda msielewe. Huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu huitwa mchawi, na wapo waliokatwa mapanga kwa hilo tu. Mbuzi wa jirani walipokufa baada ya kunywa maji yaliyotiririka kutoka ghalani, niliwaeleza watu kuwa ni dawa. Wakaniitikia, kisha wakamtazama mke wangu. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

Binti yetu Doto, anayeuza dagaa Lamadi, akaja kumchukua mama yake. Mimi nikabaki. Juzi alinipigia simu, akampa mama yake aongee.

"Baba Kulwa, mimi huko sirudi," akasema. "Lakini kila jioni nakupakulia, na kila jioni Doto anairudisha sahani yako jikoni. Unakuja lini?"

Nikasema mtandao unasumbua.

Nimejaribu kukabidhi ufunguo. Serikali ya kijiji inasema ghala si lake, ushirika haupo, wataalamu hawana mamlaka nalo. Anayeutaka ni mmoja tu, mnunuzi wa vyuma chakavu. Kila asubuhi anapita na baiskeli, ananiamkia kwa adabu, "Mwangaluka, baba," kisha ananiuliza nahama lini. Dawa ataimwaga palepale, mapipa atayauza, na watakaoyanunua kuwekea maji ni akina mama walewale waliomsengenya mke wangu. Nimejaribu kusema shauri yao, nimeshindwa. Wana watoto.

Sasa na mimi kikohozi kimeanza, mlango huu sitaulinda milele. Nishaurini, nifanye nini? Nikimfuata mke wangu, huu ufunguo nimwachie nani?