Mama Deki na Uso wa Bi Harusi

Saa tatu asubuhi, Mama Deki anasukuma diski ndani ya mashine, anainama na kuisikiliza kama mkunga. Mashine inakoroma, inakohoa, inaitema. "Huyu naye ana maringo," anasema, na kuipeleka diski ileile kwenye mashine ya jirani, ambayo inaimeza bila kuuliza.

Chumba chake cha kazi ni chembamba. Deki za kuchezea picha zimepangwa kuanzia sakafuni, za kila umri, naye anazijua tabia kama mtu anavyowajua wakwe zake. Ipo isiyosoma chochote mpaka ipate joto. Ipo inayocheza VCD tu. Ukiipa DVD inanyamaza kama imetukanwa. Ile mpya, pekee inayokubali Blu-ray, imefunikwa kitambaa kama bibi harusi.

Kazi yake ni kuhamisha picha za sherehe za watu kwenye diski zitakazocheza majumbani kwao. Kila mteja huja akitaka picha safi kupita zote. Yeye huwauliza kwanza nyumbani kuna deki gani.

"VCD inaingia karibu kila nyumba, ila ina ukungu," anaeleza. "DVD ni safi zaidi. Blu-ray inakuonyesha mpaka nani kasinzia kwenye hotuba. Lakini deki nyingi hazitaki hata kuiona."

Mwezi uliopita kijana mmoja alimletea Blu-ray ya harusi ya dada yake. Mama yao alikuwa amevunjika mguu, harusi ikapita yeye yuko kitandani, na binti akaondoka na mumewe kwenda mbali. Ndugu walipokuja kumsimulia mama, walisema binti alicheka mwanzo mpaka mwisho. Walidhani wanamfariji. Mama akanuna siku nzima. Akataka kujionea mwenyewe uso wa mwanawe alipoingia ukumbini bila yeye.

Deki ya mama ikaikataa diski. Kijana akajitolea kununua mpya, mama akagoma: hiyo ya zamani anaiendesha kwa kupapasa rimoti, na hana umri wa kuanza uchumba na mashine nyingine.

Mama Deki hakusita. Deki kuukuu, basi VCD. Akaichoma kwa kuinakilia picha za harusi, akaijaribu, haikukwama popote. Akaipeleka mwenyewe, kifua mbele.

Mama alitazama kutoka kitandani, runinga ikiwa ng'ambo ya chumba. Bi harusi alipoingia, akauliza huyo mwenye uso kama kipande cha sabuni ni nani.

"Nikamwambia ni mwanao," Mama Deki anasimulia, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Akanijibu, 'Mwanangu ana pua.'"

Hapo ndipo alipoona kosa lake. Diski zote alizijaribu kwenye kioo kidogo cha runinga, amekikaribia kama anayetafuta chawa. Alikuwa ameifikiria deki, mtazamaji akamsahau.

Kesho yake alirudi na DVD za aina mbili, zinazotofautishwa kwa alama iliyoandikwa juu yake, maana deki nyingine husoma aina moja tu. Ile yenye alama ya kujumlisha ilitemwa. Ile yenye alama ya kutoa, ambayo aliichoma polepole, ikasita kidogo, kisha ikacheza.

Bi harusi akaingia ukumbini. Mama akaomba irudishwe, ikarudishwa, akaomba tena. Binti alikuwa anacheka kweli, ndugu hawakudanganya. Ila kila hatua chache aligeuka kutazama mlangoni, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Kumbe alinisubiri," mama akasema taratibu. Akajifuta uso kwa upande wa khanga, kisha akauliza ni nani aliyempaka mwanawe wanja wa namna ile, maana huyo naye angetakiwa kuvunjika mguu.

Tangu siku hiyo Mama Deki hachomi diski kabla hajafika kwa mteja na kukaa pale anapokaa mtazamaji, hata kama ni kwenye kigoda kilichokatika mguu.

Sasa anausubiri mguu wa yule mama upone. Wamekubaliana kumpiga picha akitembea mwenyewe kutoka kitandani mpaka mlangoni, na picha hizo apelekewe binti. Habari zimeshafika kwamba deki ya huko haichagui.

"Hiyo nitaichoma kwa Blu-ray," anasema. "Mama mwenyewe kaagiza kunyanzi hata moja lisifichwe. Anataka mwanawe amwone kama alivyo."