Ndiyo ya Mkalimani

Kazi yake ilikuwa kusimama katikati. Wakfu wa ardhi, shirika la kuhifadhi visiwa, ulikuwa na wageni wenye nia njema, serikali ilikuwa na sheria, na wenye visiwa walikuwa na maneno yao. Yeye ndiye aliyeyavusha ya huku kwenda kule.

Kisiwa hiki kilikuwa cha mjomba wake, kaka wa mama yake. Kilikuwa na mikoko upande mmoja, minazi michache, na ufuko ambao kasa hupanda kutaga. Wana wa mzee walitaka kukiuza kwa mwenye hoteli. Mzee mwenyewe hakutaka hata kulisikia neno hoteli. Mkewe alizikwa kule, na hakuwa tayari watu wampigie muziki kichwani. Kwa hiyo mpwa wake alipomweleza kwamba wakfu na serikali wangeungana kukilinda, alikubali kuja kuwasikiliza.

Kikao cha mwisho kilifanyika ofisi ya wilaya, chini ya feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Mkurugenzi wa wakfu aliketi na mwanasheria wa serikali. Mjomba, katika shati lake la kutokea, alisogezewa mkataba, lakini hakushika kalamu.

"Waulize," alimwambia mpwa wake, "siku yangu ikifika, nitalazwa karibu na mke wangu?"

Aliwauliza. Walinong'onezana, kisha mkurugenzi akajibu kwa lugha yake kwamba jambo hilo bado halijaamuliwa, ila watajitahidi kulifikiria. Mkalimani alijua jibu kama hilo lingemrudisha mzee nyumbani, na huko nyumbani mwenye hoteli alikuwa keshakaribishwa na wanawe. Isitoshe, alikuwa amechoka, na alitaka kikao kiishe.

"Wamesema ndiyo, Mjomba."

Mzee akatia sahihi.

Mpwa alijiambia kwamba ataliweka sawa baadaye. Baadaye ikazaa baadaye nyingine. Mbuzi waliokuwa wakila miche kisiwani wakaondolewa, miche ya mikoko ikashika, kasa wakaongezeka. Mjomba alipoletewa picha alicheka mpaka akakohoa, akawaonyesha majirani na kuwaambia, "Huyu mpwa wangu ndiye aliyenisemea." Sifa hizo zilimwingia mpwa kama miiba. Akaanza kupunguza kwenda kumsalimu, akisingizia kazi.

Halafu mjomba akaugua figo, na hakukaa sana.

Alipofariki, mpwa alikimbilia ofisi ya wilaya kabla hata hajalia. Kanuni za hifadhi zilikuwa zimeshapita, nazo zilikataza kuchimba kaburi jipya kisiwani. Serikali ilisema hilo ni sharti la wakfu. Wakfu ukasema ni sheria ya serikali. Mkurugenzi alimpa pole ya dhati.

"Lakini hatukumwahidi," alisema. "Wewe ulikuwepo."



Mjomba alizikwa makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowajua. Ndugu walimshukuru mpwa kwa kuhangaika kwake maofisini, na hilo ndilo lililomshinda. Alimfuata mama yake jikoni, akamkuta akiosha vikombe vya wageni, akamweleza yote.

Mama aliendelea kuosha. "Kaka yangu alikuuliza swali moja tu," alisema hatimaye. "Ungemwambia hawajui, angeamua mwenyewe. Pengine angetia sahihi vilevile. Sasa hatutajua." Akafuta mikono. "Wanawe wapo sebuleni. Kawaambie. Mimi sitakusemea."

Aliwaambia. Mkubwa aliinuka akatoka, na mpaka leo hamsemeshi. Mdogo alisema kwamba wao walitaka kumuuza mama yao pamoja na minazi, kwa hiyo hana mdomo wa kumhukumu mtu. Alisema ili kumpoza. Haikumpoza.

Mkalimani hakuacha kazi, ingawa aliandaa barua ya kuacha na kuichana. Badala yake aliwakalisha mkurugenzi na mwanasheria, akawaambia alichofanya, akawaomba jibu la kweli kabla hawajaenda kwa mwenye kisiwa mwingine. Mkurugenzi alikasirika sana. Majadiliano yalichukua muda mrefu, lakini kanuni ikabadilishwa: mwenye kaburi la mwenzi wake kisiwani ataruhusiwa kulazwa naye. Mjomba hakuweza kuhamishwa; wanawe walikataa baba yao afukuliwe.

Siku kanuni hiyo ilipotangazwa, bibi mmoja mjane alimshika mkalimani mikono miwili, akamshukuru kwa kuwafikiria wazee. Yeye akainama, akajifanya anafunga kiatu.