Kope Zangu Mbele ya Wazazi

Mimi ni mwalimu hapa Waberi, na kope zangu ni nzito hata wanafunzi hudhani nasinzia. Daktari alisema mkunjo wa kope hutengenezwa kwa njia mbili: kukata ngozi, nao hudumu, au kushona kwa uzi tu, ukapona haraka lakini huenda ukafunguka baadaye.

Nikamrekodia dada yangu ujumbe wa sauti kwenye simu: “Abaayo, naogopa kisu, na uzi huenda ukafunguka, lakini nataka nipendeze kwenye harusi yako.”

Asubuhi wazazi langoni walinitazama sana machoni. Nikadhani ni wanja. Ndipo mzazi mmoja, Mama Hodan, akanishika mkono.

“Mwalimu, chagua uzi. Mitihani iko karibu, watoto wanakuhitaji. Sisi wote tumesikia sauti yako kwa grupu ya wazazi, na tunakuombea dua.”