Jogoo wa Mnadani

Mwezi ule mikosi ilimwandama Penina, muuza dagaa wa soko la Iringo. Mvua ilinyeshea dagaa alioanika, wakaoza. Umeme ulikatika, uliporudi ukaunguza friji. Kisha mwanawe Clever akavunjika mkono, na pesa aliyoweka ya kununua bati za nyumba ikaishia hospitali.

Lakini kilichomchoma hasa ni Nyangi, jirani yake wa kibanda. Mvua ile ile, umeme ule ule, na Nyangi hakuguswa! Tena alikuwa akiimba pambio huku akipima dagaa wake wakavu. Penina alitamani azibe masikio.

Jumapili baada ya ibada, sadaka za mazao na mifugo zilinadiwa nje ya kanisa. Pale ni kawaida mtu kununua kitu kisha kumtunza mwenzake, yaani kumpa zawadi, mbele ya watu. Jogoo mwekundu alipoinuliwa, Nyangi akaita, "Elfu kumi na tano!"

Hata jogoo naye awe wake? Roho ikamfukuta Penina.

"Ishirini!"

Nyangi akapandisha, Penina akapandisha, mpaka elfu arobaini, mtaji wake wote uliobaki. Nyangi akajitoa. Penina akambeba jogoo, kifua mbele.

Getini Nyangi akamshika bega. "Mama Clever, leo umenikomesha! Mwenzio nilitakaga nikutunze wewe huyo jogoo, nikupe pole ya mwezi huu."

Penina akasema asante kwa taabu. Akaondoka na jogoo kwapani, wivu umemzidi: kumbe hata roho nzuri anayo huyo huyo Nyangi.