Muosha Vichwa Aliyedanganywa na Viganja Vyake

Saa mbili na robo asubuhi, Jumamosi, na Povu tayari ana kichwa cha kwanza mkononi. Ni cha fundi bomba mmoja, pande la mtu, aliyenyolewa vizuri lakini amekataa katakata kufumba macho.

"Fumba, kaka. Sabuni ikiingia usinililie hapa."

"Wewe osha. Macho yangu nayalinda mwenyewe."

Vinyozi wanacheka bila kuzima mashine. Povu hacheki. Amekunja mkono wa shati hadi juu, anachovya kiwiko ndani ya ndoo ya maji, anatulia kidogo, anaongeza kopo moja la maji ya baridi, anachovya tena. Ndipo anamimina. Baada ya dakika tatu fundi bomba amefumba macho. Baada ya tano, anakoroma.

Povu ni jina la kazini. Ana miaka arobaini na moja, mke na watoto watatu, wa mwisho ana miezi saba. Hanyoi, hachongi ndevu. Anaosha vichwa vya wanaume waliokwisha kunyolewa, basi. Siku za kawaida anapata vichwa vinane au tisa. Jumamosi vinafika ishirini, na nusu ya malipo ya kila kichwa ni yake.

Ila kibarua hiki kiko mbioni kuota nyasi. Mwenye saluni, ambaye kila mtu humwita Bosi, amempa hadi mwisho wa mwezi, na hii ndiyo Jumamosi ya mwisho.

"Sinki lile limenifukuzia mteja mkubwa na wenzake wanne," anasema Bosi, bila kuzunguka. "Akirudi kuoshwa, linabaki. Asiporudi, naling'oa, naweka kiti cha tatu cha kunyolea. Fundi wa kioo nimeshaongea naye."

Mteja huyo ni mwalimu mstaafu. Povu alimwunguza.

Kisa chenyewe kinaanzia mbali na saluni. Kwa miaka kumi na mitatu Povu aliosha masufuria katika kantini ya kiwanda, sufuria za kutosha mtu mzima kuingia na kukaa. Maji yalikuwa yanafuka, na mikono ilizama humo kutwa nzima.

"Wageni walikuwa wanachovya kidole wanaruka," anakumbuka. "Mimi natoa sufuria kama natoa shati kabatini. Nilikuwa najisifu. Ujinga tu."

Kiwanda kilipofungwa, alikaa nyumbani miezi mitano. Siku moja akaenda kunyolewa. Aliona kila mwanaume akipigwa brashi mbili tatu shingoni, kisha anatoka akijikuna, nywele zimejaa kwenye kola. Akamwambia Bosi kuna kazi pale.

"Nilimcheka," anakiri Bosi. "Nikamwambia, wanaume wazima waoshwe vichwa? Kwani hawana mikono?"

Wiki mbili za kwanza hakuna aliyekaa kwenye sinki. Wateja waliona aibu. Wa kwanza kukubali alikuwa mwalimu yule, na alikubali kwa sababu mwasho ulimshinda. Alipoinuka, alijipapasa utosi. Kisha akasema kitu ambacho Povu anakirudia taratibu, macho yake yakiwa sakafuni.

"Aliniambia, tangu mke wangu afariki, hakuna mtu aliyenigusa kichwa. Ni miaka sita hiyo."

Akawa anakuja kila Jumamosi. Akaleta wenzake wa rika lake. Vijana walipowaona wazee wamelegea wanakoroma, nao wakavua kofia. Sinki likapata foleni.

Hapo hapakuwa na hita. Hadi leo maji yanachemshwa kwenye birika la umeme na kuchanganywa kwenye ndoo. Povu alikuwa anayapima kwa kiganja, kama kila mtu. Wiki sita zilizopita, saluni imejaa, alitia mkono kwenye ndoo mpya ya maji, akaona ni vuguvugu, akamimina.

"Umenipika!" Mwalimu aliruka kutoka kitini, maji yakamwagika hadi mlangoni. Mashine zote zilizimwa. Kisogo kilikuwa chekundu, na jioni kikatoa malengelenge mawili.

"Bosi alidhani sikupima," anasema Povu. "Nilipima! Ningeweza kuapa mbele ya mtu yeyote. Ndiyo maana niliumia sana. Sikuelewa nimekosea wapi."

Jibu alilipata nyumbani, kwenye beseni la mtoto. Alikuwa ametenga maji ya kumwogesha, akayapima kwa kiganja, akaona yako sawa. Mkewe akachovya kiwiko kabla ya kumtia mtoto.

"Baba Watoto, unataka kumchemsha mwanangu?"

"Maji si ya moto hayo."

"Si ya moto kwa nani? Hebu leta kiwiko chako hapa."

Alichovya. Akautoa mkono mbio, akakaa chini sakafuni. Zile sufuria za kantini zilikuwa zimekula viganja vyake; ngozi imekuwa nene kama soli, haisikii. Kesho yake alikwenda zahanati, na muuguzi alimchoma kidogo kwa ncha ya sindano kiganjani akamuuliza kama anahisi. Alihisi kusukumwa, basi.

Mkewe anacheka akisimulia, lakini siku ile hakucheka. "Nilimwambia usilie mwanaume, sisi wote tunapimia kiwiko tangu watoto wadogo. Wewe ulikuwa wapi? Akasema alikuwa kazini."

Povu alimfuata mwalimu nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza mkwe wa mzee alimwambia amelala. Mara ya pili mwalimu alitoka hadi kizingitini, akamsikiliza habari ya viganja na kiwiko hadi mwisho, kisha akasema, "Nikiamua kuja nitakuja. Sipendi kubembelezwa." Akafunga mlango.

Saa sita kasoro, leo, mwalimu anaingia.

Amevaa kofia na shati lililopigwa pasi. Vinyozi wanageuka. Povu anamwamkia kutoka kwenye sinki. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Anakaa kwenye kiti cha kinyozi. "Kunyoa tu."

Bosi anamnyoa mwenyewe, polepole kuliko kawaida. Povu anafuta kingo za sinki ambazo ni safi tangu asubuhi. Mzee anapigwa brashi, analipa, anachukua kofia, anafika mlangoni. Anajikuna kola. Anajikuna tena, kwa hasira sasa, kama mtu anayegombana na shingo yake. Anageuka.

"Lete hiyo ndoo."

Povu analeta. Mzee anakunja mkono wa shati kwa mikunjo mitatu inayolingana, anachovya kiwiko chake mwenyewe.

"Ya moto."

Povu anaongeza kopo.

"Bado."

Anaongeza nusu.

"Umeongeza mengi. Rudisha kidogo ya moto."

"Mwalimu, kwani hapa ni mtihani?" anauliza kinyozi mmoja.

"Ndiyo, na wewe kaa kimya, unamsaidia mwenzako majibu."

Kicheko kinalipuka. Mzee anachovya kwa mara ya mwisho, anatikisa kichwa kukubali, anakaa kwenye kiti cha sinki na kuegemea nyuma. Povu anamimina kijito chembamba kutoka utosini, kiganja chake kikiwa kimekinga kisogo. Mwalimu hafumbi macho. Anamtazama kutoka chini, mwanzo hadi mwisho, povu, suuza, taulo. Hakoromi leo. Lakini hainuki mapema pia.

Bosi anatoka nje na simu sikioni. "Ndugu, kile kioo kiache kwanza," anasikika akisema. "Hapana, sijabadili bei. Nimebadili mawazo."

Akifunga vifungo vya kola, mwalimu anamuuliza Povu kama Jumatatu, siku ambayo saluni hufungwa, ana nafasi. Mwenzake mmoja wa wale wanne amelala kitandani mwezi mzima, hageuki bila kushikwa. Watoto wake wanamfuta kichwa kwa kitambaa. "Kufuta si kuosha," anasema mzee. "Wewe unajua."

Povu anajua. Kabla ya kula mchana amevuka barabara kwenda kwa fundi bati kuagiza beseni la kuegemeza kichwa cha mtu aliyelala. Kama litafaa, anataka kila Jumatatu kupita kwenye nyumba za wagonjwa na wazee wasioweza kufika saluni, na baadaye kumfundisha mkewe waende wawili.

"Nimemwambia fundi akate nusu duara ukingoni, shingo ikae vizuri," anasema, akiionyesha kwa kidole hewani. "Akaniuliza, shingo ya nani, nichukue vipimo? Nikamwambia kata tu, shingo ni nyingi."