Watu Kumi na Saba wa Veneranda

Mimi ni namba nne. Ngojeni nieleze kabla hamjanicheka.

Rafiki yangu Veneranda anamlea Tiana tangu mtoto ana miaka miwili, alipoletwa kwake na ofisi ya ustawi wa jamii. Mwaka huu Tiana katimiza saba, na mama yake mzazi akaridhia Veneranda amwasili kisheria. Zamani kesi kama hii ilipita kwa maofisa hata wanne, kila mmoja akianza upya. Siku hizi ni ofisa mmoja mwanzo hadi mahakamani, na wetu ni Felicia. Tukamshukuru Mungu.

Kisha Veneranda akaharibu. Fomu iliuliza nani wanaishi na mtoto na kumtunza. Yeye, Mhaya aliyelelewa na ukoo mzima, akaandika watu kumi na saba, yaani kwaya yetu yote. Na nyumba yake pale Jakobsberg, huku Uswidi, ina vyumba viwili.

Felicia akapiga simu: maombi yamesimama mpaka aje ajionee wanalala wapi. Veneranda alilia macho yakavimba. Nilimfokea, "Wewe dada, umeolewa na kwaya?" Halafu nikalia naye, maana tungeweza kumkosa mtoto.

Akataka siku ya ukaguzi tusionekane. Nikamwambia mficha uchi hazai, tunakuja wote.

Jumamosi Felicia alikuta viatu vimejaa mpaka kwenye ngazi. Akamwuliza Tiana hawa wote ni nani. Mtoto akajibu kwa Kiswidi, akipita mmoja mmoja. Mama mdogo Milcah anamsuka bila kumvuta. Mjomba Deo alimfundisha kuteleza kwenye barafu, akaanguka yeye. Leokadia, yaani mimi, ni mkali lakini ana chapati. Kweli ni kweli.

"Na ukiota ndoto mbaya, unamwita nani?"

Tiana alimshangaa. "Mama," akasema kwa Kiswahili, akaenda kukaa mapajani pa Veneranda.

Felicia akarekebisha fomu: anaishi na mmoja, kumi na sita ni jamaa. Akasema watoto wengi anaowahudumia hawana hata mtu wa pili wa kuandika kwenye fomu. Alikula chapati tatu.

Juzi mahakama ilikubali. Tuliimba mpaka majirani wakatoka, nao wakapewa sahani. Nakala ya orodha ile Tiana kaibandika kwenye friji, na kamwongeza Felicia awe namba kumi na nane. Pale namba moja kakata "Veneranda", kaandika "Mama". Mimi bado ni wa nne, na nimeridhika kabisa.